Nafasi Yangu Ukutani

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nikujibu: chai ya rangi, tena haikuwa na sukari. Na kabla hujaniambia kwamba giza hudanganya macho, ujue haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua kali, kuku wamejibanza chini ya uchaga wa vyombo, na mimi nilikuwa na akili zangu zote. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kuweka usiku wa manane, mvua na bundi. Mimi sina bundi. Nina niliyoyaona na niliyoyasikia, na ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sikiliza hivyo hivyo.

Siku hizi naishi Mikumi kwa binti yangu Rehema, karibu na barabara kuu, malori ya Iringa yakipita vikombe vinatikisika kabatini. Lakini haya yalinikuta kule Kidete, kwenye reli, enzi zile za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mke kijana, na nilikuwa na wivu. Nalisema wazi tusipotezeane muda. Ulikuwa wivu wa kuniuma tumbo, wa kunikosesha usingizi na kunifanya niunguze mboga.

Mume wangu aliitwa Mika. Alikuwa Mkaguru wa milimani, upande wa Mamboya, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, msomaji wa Biblia. Kazi yake ilikuwa kwenye genge la reli, lile kundi la mafundi wanaorudisha tuta na mataruma kila mto Mkondoa unapofura na kuibeba njia. Mimi baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge Kimamba akasahau kurudi kwao. Mika alinioa baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza. Huyo mke aliitwa Dorika. Alikufa kwa homa kule mlimani, akazikwa kule kule, wala sikuwahi kumwona hata kwenye picha, maana hakuwahi kupigwa picha. Nilijua jina tu. Na jina lenyewe halikunisumbua. Marehemu hapiki, hafui, hakai kibarazani kusukwa nywele. Mtu wa namna hiyo utamwonea wivu wa nini? Hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati ule.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Watu wa milimani wakashushwa kwa malori mpaka bondeni, kila kaya ikapewa kiwanja kwenye mstari, balozi wa nyumba kumi akapita anatuonyesha choo kichimbwe wapi. Walikuja na mbuzi, vinu, milango ya nyumba zao za zamani, na bibi mmoja alikuja na mafiga yake matatu amewekewa kwenye lori kama mizigo ya harusi. Makaburi yalibaki. Hilo liliwauma wazee kuliko hata mashamba. Kaburi la mtu wako unalifagia, unakwenda kuliambia mambo yaliyokushinda. Sasa utaliambiaje, nalo liko juu kule kwenye pori ambalo hakuna tena anayelipita?

Pale kijijini alikuwapo mzee tuliyemwita Babu Nehemia. Ujanani alikuwa fundi wa lipu na rangi kwa wamisionari. Alipojenga nyumba yake mpya ya miti na udongo, vyumba vitatu, hakuipaka chokaa ndani kama sisi wengine. Alianza kuchora. Kwa udongo mwekundu, udongo mweupe, masizi ya masufuria na utomvu wa mti ambao hakumwonyesha mtu, alichora kwenye kuta za ndani wale watu waliobaki milimani. Nasema waliobaki, nadhani umenielewa. Alianza na mama yake, akaja kwa kaka zake, na majirani nao wakaanza kubisha hodi. Babu, nichoree mwanangu. Babu, baba yangu alikuwa na kovu hapa, usilisahau. Naye alichora wote. Alisema serikali imehamisha walio hai, kazi nzuri, sasa yeye anahamisha waliosalia.

Basi nyumba ya mtu binafsi, anakolala na kupikia, ikawa kama banda la maonyesho ya Sabasaba. Jumapili baada ya ibada watu walijaa uani kwake, wakavua viatu, wakaingia chumba kwa chumba. Wengine walicheka, wengine walilia, wengine walikaa tu wakitazama kama watu walio kwenye baraza. Mwenyekiti wa kijiji alikuja siku moja kukagua, ana maneno ya chama mdomoni, kwamba mambo haya yanaturudisha nyuma. Akamkuta mama yake mzazi chumba cha kati, ana kiko chake mkononi. Alitoka ameshika kofia na suala lile halikuletwa tena mkutanoni.

Mika alianza kwenda Jumapili kama watu wengine. Akaanza kwenda na Jumatano. Halafu kila akitoka reli. Nikimuuliza kuna nini kule, ananiambia picha. Picha za nani? Za watu. Mwanamke mwenzangu unayenisikiliza, mwanaume akikujibu hivyo utatulia?

Na bado ningevumilia, lakini alikuwa anaoga kwanza. Anatoka kwenye kokoto na grisi, anaoga, anavaa shati lake la ibada, anachana nywele, ndipo anakwenda. Nyumbani kwangu alikaa na lile la kazini. Niambie wewe, nani anaoga kwenda kutazama ukuta? Akirudi ana alama ya udongo mweupe begani, kama mtu aliyeegemea mahali kwa muda mrefu akiongea, na anaimba chini kwa chini nyimbo za Kikaguru ambazo mimi sizijui.

Jirani yangu, mama Yohana, ndiye aliyemwaga mafuta kwenye moto.

"Mwenzangu," aliniambia tukiwa mtoni, "mumeo kahamia kwa babu?"

"Anakwenda kutazama picha."

"Haya. Picha zenyewe zinacheka siku hizi? Maana nimepita nyuma ya ile nyumba nimesikia sauti ya mwanamke."

Ndoo niliyokuwa nimebeba niliiweka chini. Nilimwachia mama Yohana mwanangu Rehema, alikuwa bado ananyonya, nikajifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda ugomvini, nikashika njia ya kwa Babu Nehemia. Nilikuwa na hakika mzee amemweka mjukuu wa kike mle ndani, na kwamba mimi na huyo mjukuu tutatoka uani tumeshikana nywele.

Nikapiga hodi. Kukajibiwa karibu, sauti ya kike, laini. Nikavua kandambili nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza lile la nyumba ya udongo mtu anapotoka juani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Nilipita chumba cha kwanza, nikawaona ukutani watoto, wengi, wamesimama kwa mstari kama wanaosubiri kengele ya shule. Chumba cha kati, wazee na vigoda vyao. Nakuambia ukweli, Babu Nehemia alikuwa na mkono wa kuchora. Wengine niliwatambua kwa kuwafananisha na watoto wao tunaochota nao maji. Lakini sikuja kwa ajili yao. Nikaingia chumba cha mwisho, na kwenye pembe nikamkuta mwanamke ameketi chini, miguu ameinyoosha, ana ungo mapajani, anachambua kunde.

Alinizidi umri kidogo, na mimi nimelelewa. Hata nikiwa na hasira, mkubwa ni mkubwa. Nikamsalimu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu, keti. Mwenyewe ameshatoka, amekwenda relini."

"Mwenyewe nani?"

"Si Mika? Si yeye uliyemfuata?"

Hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea na kunde, mbovu huku, nzima huku. Alikuwa na shingo ndefu na mashavu yaliyotulia, uzuri ule ambao hauhitaji kujipamba, na roho iliniuma kwa kila kitu nilichokiona: shingo, mashavu, hata namna alivyokunja kanga.

"Unamjuaje mume wangu?"

"Nilimjua kabla hajaota ndevu," akasema, bila ubaya wowote. "Usimpe kiporo cha maharage, tumbo lake halikiwezi. Tena asubuhi usimwite kwa sauti. Yeye huamshwa kwa kushikwa mguu. Mshike kidole gumba cha mguu, utaona anavyoamka anacheka."

Miaka yote ile nilikuwa nikimwamsha kwa kelele, Mika amka, Mika kumekucha. Sikuwahi kumwona anaamka anacheka. Huyu mwanamke ameketi chini na ungo wake ananifundisha mguu wa mume wangu! Sikufikiri. Nilimrukia nimzabe kofi.

Kiganja changu kilipiga ukuta.

Nyuma yangu mbao ya dirisha ikafunguliwa, mwanga ukaingia, na Babu Nehemia alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi. "Unaupiga ukuta, mjukuu wangu?" akaniuliza. "Umekukosea nini?"

Nilitazama. Mwanamke alikuwa pale pale, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, lakini alikuwa udongo. Udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi. Mkono wangu uliacha alama ndogo pembeni ya shavu lake. Utasema nilikuwa nimemwona vibaya kwa sababu ya giza, na mimi ningekubaliana nawe, kama sakafuni chini ya ule ungo kusingekuwa na kunde mbovu. Niliziinua. Zilikuwa na unyevu wa vidole.

"Huyu nani, babu?"

"Huyu Dorika. Mumeo hajakuambia? Ndiye aliyenieleza sura yake. Alikuja hapa mara nyingi kunirekebisha shingo."

Labda unadhani niliogopa nikakimbia. Niliogopa, ndiyo. Lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko woga, niamini. Mke mwenza aliye hai utamtukana kisimani, atazeeka kama wewe, ataunguza ugali siku moja nawe utacheka. Huyu asingeunguza ugali kamwe. Angekaa pale na shingo ile ile mimi nikiota mvi, na mume wangu angeoga na kwenda kwake. Mika mwenyewe alikuwa amesimama hapo akirekebisha shingo!

Nikamwambia Babu Nehemia, "Nichore na mimi. Hapa, kando yake. Akija kumtazama yeye, anione na mimi."

"Sichori wanaokula ugali," akajibu. "Wewe bado una meno."

"Babu, nichore."

"Nimekataa."

Sasa hapa ndipo inabidi nikueleze utani, kama kwenu haupo. Mimi Mnyamwezi, yeye Mkaguru, pale tulipoishi sisi ni watani, na mtani hakatai jambo la mtani wake. Msiba ukitokea, watani ndio wanaoleta vituko: huyu anavaa koti la marehemu anatembea kwa mwendo wake, yule anajitupa kaburini na kulala chali, anasema hatoki. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Inabidi wamkomboe mtani kwa kitu, kuku, chumvi, chochote kile, wampe mkono, wamwinue, ndipo mazishi yaendelee. Ni mchezo, lakini una taratibu zake, na kila mtoto wa kwetu anazijua.

Nikatandika kanga yangu sakafuni chini ya Dorika, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani, nikafumba macho.

"Basi nimekufa," nikasema. "Lia, mtani, umefiwa. Haya, nichore."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nyie Wanyamwezi! Mlikuja hapa kubeba mizigo ya watu, sasa mnabebwa wenyewe!"

"Na nyie Wakaguru mlijificha milimani mpaka mkashushwa na lori kama magunia. Chora!"

"Nachora," akasema. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo. "Lakini ya msibani ni ya msibani, mtani. Usiinuke mpaka nikukomboe."

Nilisikia anakoroga udongo. Nilisikia brashi yake ya mkonge ikikwangua ukuta. Sikuguswa hata mara moja, lakini kila alipopaka ukutani nilihisi ubaridi usoni mwangu, kwanza paji la uso, halafu pua, halafu midomo. Nikataka kusema, midomo ikawa mizito. Na karibu kabisa na sikio langu ile sauti laini ikasema, "Nisogee? Haya, nimesogea. Keti hapa, mdogo wangu." Nadhani nililala usingizi. Sijui.

Nilipofumbua macho mzee hakuwapo chumbani, nikasikia kuku anafukuzwa uani. Nikageuza uso nikaona ukuta.

Mama yangu, nilikuwa mzuri! Nimeketi kando ya Dorika, magoti yetu yanagusana, nina mikufu ambayo sikuwahi kuwa nayo, macho yangu yanatazama mlangoni kama mtu anayemsubiri anayempenda. Sikujua kama mimi ninaweza kumtazama mtu hivyo. Dorika alionekana wa kawaida tu pale pembeni, na alikuwa kweli amesogea; ile alama ya kiganja changu sasa ilikuwa kwenye udongo mtupu. Nje nikasikia kitoroli cha reli kinarudi na vijana wa genge wanaimba, nikajua Mika yu njiani, na nikataka nifike nyumbani kabla yake ili asijue. Nikanyanyuka, nikakunja kanga, nikatokea mlango wa nyuma mbio.

Umeona nilichofanya? Niliinuka mwenyewe. Sikupewa mkono, sikupewa kuku.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, nisiseme uongo. Mika alirudi kutoka kule macho yanang'aa. "Nimekuona," akaniambia, akacheka, akanishika bega. Kesho yake akarudi na maembe mawili. Wiki nzima aliniita kwa jina langu. Nilitembea kijijini kichwa juu. Nilijiambia nimemshinda marehemu, na nilimwambia mama Yohana hivyo hivyo, kwa maneno mabaya zaidi.

Kisha nikaanza kuona mambo. Mika akawa ananisimulia vichekesho vya utotoni mwangu kambini Kimamba, vya baba na punda wa meneja, ambavyo mimi sikuwahi kumwambia. Nikamuuliza nani amemwambia. "Si wewe jana," akajibu, akinishangaa. Jana tulikuwa hatukusemezana zaidi ya kupeana chumvi. Halafu akaacha kunishika bega. Halafu akaanza kuoga tena kabla ya kwenda, na shati la ibada likarudi. Nilipomzuia mlangoni nikamwambia, "Mika, mimi niko hapa, unakwenda kumtazama nani?" alinitazama kwa upole ule wake akasema, "Ndugu, nakwenda mara moja tu, narudi." Ndugu! Ndivyo tulivyoitana mkutanoni, kwenye shamba la kijiji, kwenye duka la ushirika. Mume wangu ameniita kama anavyomwita karani wa mizani.

Nilikwenda nikawafuma. Nilichungulia kwa dirisha. Mika ameketi sakafuni, ameegemea ukuta baina ya wanawake wawili, na kucheka kulikosikika humo ndani kulikuwa kwangu. Nakijua kicheko changu. Dorika alikuwa kimya na kunde zake, hakuna aliyekuwa na haja naye tena, na niamini nikikuambia kwamba nilimwonea huruma. Aliyekuwa ananichoma roho sasa ni mimi. Nimeona wanawake wanaowaonea wivu dada zao, shoga zao, mama wakwe zao. Wewe umeshawahi kuona mtu anajionea wivu mwenyewe mpaka anang'ata kanga?

Nilimngoja Mika aondoke, nikaingia na tambara la maji. Nilisugua. Nilisugua mpaka kucha zikavunjika. Udongo ule wa kuta zetu, mvua kidogo tu unayeyuka, lakini huu haukutoa hata tope. Babu Nehemia alinikuta nimekaa chini nalia.

"Futa, babu."

"Haifutiki."

"Basi nikomboe sasa hivi. Nitalala tena."

Alinikubalia, maskini. Nililala, akaniletea jogoo wake wa pekee, akaniwekea mikononi, akanishika mkono na kuniinua kwa maneno yote ya kimila. Tukautazama ukuta pamoja. Yule mwanamke alibaki ameketi, anatazama mlangoni.

"Siku ile nilitoka kukamata kuku," mzee akasema polepole. "Nikarudi nikakuta sakafu tupu. Sasa aliyelala siku ile bado hajakombolewa, mtani. Na wewe uliyeinuka, mimi sijui nikuite nani."

Niliishi na Mika miaka mingine baada ya hapo. Hakunipiga, hakunitukana, hakuniletea mwanamke. Alinipa chakula, alimlea Rehema vizuri, na kwangu alikuwa na heshima ya mtu aliyepanga nyumba ya jirani mwema. Asubuhi nilikuwa namshika kidole gumba cha mguu. Alikuwa anaamka anacheka, kweli, lakini akinitazama kicheko kinapotea na anasema asante.

Mwaka ule sukari na sabuni vilipokuwa vya foleni, kifua kilimlaza. Mganga wa zahanati alikuja akatikisa kichwa. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, Rehema ameketi miguuni kwa baba yake, mama Yohana anapepea. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa nimemnawisha, nimemgeuza, nimemlisha uji kwa kijiko wiki nzima bila kulala. Akafumbua macho. Akanitazama sana, nikadhani sasa, sasa ananiona.

"Mama," akaniambia, "umenitunza vizuri. Mungu akubariki. Sasa naomba uniitie mke wangu, nimuage."

Rehema akaanza kulia. "Baba, si huyu hapa?" Mika akageuza macho mlangoni, anasubiri.

Ungefanya nini? Ungemwambia mtu anayekufa kwamba mkewe ni wewe? Nilimwambia. Akatingisha kichwa kwa huruma, kama anamsikiliza mgonjwa. Basi nikasimama, nikaenda mlangoni, nikaliita jina langu mwenyewe. Niliita kwa sauti kubwa, kuelekea upande wa nyumba ya Babu Nehemia.

Na likaitikiwa. "Abee!" Mama Yohana alisikia, yu hai mpaka leo, muulize. Rehema alisikia. Ilikuwa sauti yangu, ya ujana wangu, ya mtu anayeacha alichokuwa anafanya na kuja mbio. Nilihisi upepo mdogo wa kanga ukinipita mlangoni, na nilipogeuka Mika alikuwa anatabasamu kumtazama mtu aliye juu yake, mahali nilipokuwa nimeketi mimi. Akafa hivyo.

Babu Nehemia alimchora mwezi huo huo, ilikuwa kazi yake ya mwisho. Amemweka kati yao, nao walikuwa wamesogea kumpisha. Nilikwenda kumwona mara moja tu. Anamtazama yule wa mikufu, yule anamtazama yeye, na Dorika anachambua kunde. Niliutafuta ukuta wote mahali pa kunichora siku yangu ikifika, maana na mimi nina haki ya kukaa na mume wangu. Upande mmoja ni wa Dorika; nafasi yangu ni ile moja tu iliyobaki kando yake, na ina mtu.

Ndiyo sababu jina langu sijakutajia tangu tumeanza, na hapa Mikumi wote wananiita mama Rehema. Nikiitwa lile jingine, simwachi mtu alirudie, kwa sababu wakati mwingine kunaitikiwa kabla sijafungua kinywa.

Wewe mwenye mume anayemlilia marehemu wake, mwache alie. Mpikie, keti naye, muulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, hata kama roho inakuuma. Usitafute kupendeza mahali ambapo wewe mwenyewe haupo. Na ukifika Kidete wakakuonyesha ile nyumba, ingia, tazama kwa heshima, utoke. Utamkuta chumba cha mwisho mwanamke mzuri mwenye mikufu, karibu na mwanaume mwenye mikono mikubwa. Akikukaribisha uketi, usiketi. Mwambie tu kwamba yule mwingine bado yu hai, yuko Mikumi, na anaulizia zamu yake.